Wanaume mliopitia rehabu ya pombe, tupeane uzoefu bila aibu (Nakuru, Kisumu, Western)

Fundi wa Free Area: Wadau habari zenu. Ndugu yangu mdogo ako 34, mekanika mzuri sana hapa Nakuru, lakini sahii asipotoa loki asubuhi, yaani kunywa ile pombe ya kwanza ya siku, mikono inatetemeka hadi spana inamwanguka. Mama anataka tumshike tumpeleke rehabu kwa nguvu. Mliopitia, semeni ukweli.

Omera wa Kondele: Mimi nilishikwa. Watu wanne, Probox, saa kumi usiku, niko na kaptula peke yake. Nikafungiwa miezi mitatu mahali sitataja, familia ikauza ng'ombe wawili, na siku ya kutoka nikapitia baa kabla ya kufika kwa mama. Kuna wenye kushikwa kuliwasaidia, siwapingi. Mara ya pili nilienda mwenyewe na begi yangu mkononi, na hiyo ndio ilishika. Ongea naye asubuhi mapema kabla hajatoa loki, jioni utakuwa unaongea na chupa.

Dada Mkubwa: Na tafadhali msimfungie kwa nyumba eti aache ghafla!! Kakangu tulimfungia Alhamisi jioni, Ijumaa usiku akapata kifafa, Jumamosi anatuonyesha panya kwa ukuta na kuongea na baba ambaye tulizika kitambo. Daktari alituambia mtu wa pombe ya kila siku akikata ghafla anaweza kufa, kifafa huja sana siku mbili za kwanza na ile kuchanganyikiwa inafuata. Alilazwa, akawekwa kwa dawa ya kutuliza, diazepam, wakiipunguza pole pole, na sindano za vitamini B1. Hiyo ni ditoksi, yaani kutoa pombe mwilini ukiangaliwa na daktari, rehabu ndio inakuja baadaye.

Mkulima Kakamega: Kwangu shida ilikuwa kurudi nyumbani. Nimetoka rehabu fiti, nikaenda matanga ya mjomba, wazee wamezunguka chungu cha busaa kila mtu na mrija wake, mmoja akapangusa wake kwa shati akaninyooshea. Sasa mrija wa mzee utaukataaje. Nikavuta mara moja, wiki mbili nikawa kwa chang'aa tena. Sahii niko mwaka na miezi minne, imenishikilia ni mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous), hulipi kitu, tunachanga tu ya chai, na wanaoongea ni walevi wenzako. Matanga naenda mchana narudi mchana, waseme nina maringo.

Kimya Kingi: Pigeni 1192 ya NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni bure, na muulize kama hicho kituo kina leseni kabla ya kutoa hata shilingi. Uliza pia daktari ni nani. Kwetu kulikuwa na pasta na mlinzi.

Fundi wa Free Area: Asanteni. Nimemngoja leo saa kumi na mbili asubuhi, tayari alikuwa anatafuta viatu. Hakukasirika, amesema nimpe hadi Jumatatu amalize gari ya mtu. Nimeenda gereji kuangalia, injini kweli iko chini.