Kundi la Ukoo, Mwanza: Galaga na ndege pacha

Doto (Nyakato): Shikamooni wakubwa. Ile mashine ya gemu za kaseti iliyokuwa Igoma kwa bibi imefika huku. Taa inawaka, ila tivii inaonyesha kijivu kitupu. Watoto wanataka Galaga, ile gemu ya ndege na risasi, jioni hii. Nianzie wapi?

Mjomba Shija: Marahaba mpwa. Zima kwanza. Usichomoe kaseti mashine ikiwa inawaka. Kijivu kitupu, au vigae vilivyovurugika, mara nyingi ni pini hazigusi. Kaseti ya aina hiyo ina pini 60, 30 kila upande. Chache tu zikishika uchafu, gemu haisomeki.

Doto: Nimeshaipuliza mara tatu mjomba.

Mjomba Shija: Acha kupuliza. Pumzi ina maji, na huku kwetu ziwani hewa yenyewe ina unyevu. Shaba inaota kutu ya kijani. Watu huona kupuliza kunasaidia kwa sababu ukichomoa na kurudisha kaseti, pini zinajisugua na kukaa mahali pengine.
Chukua raba laini ya penseli, sugua pini kwa kufuata urefu wake. Pangusa makombo yote. Kisha pamba ya masikio yenye spiriti kidogo, pitisha pande zote mbili mpaka pamba itoke safi. Tundu la mashine nalo lina uchafu: kunja kitambaa chembamba kwenye kadi ngumu, kiloweshe kidogo, ingiza na kutoa mara tano au sita. Acha dakika 10 ikauke kabla ya kuwasha.

Shangazi Neema: Doto, spiriti ya duka la dawa isiyo na rangi. Ile ya zambarau inaacha rangi kwenye pini.

Kulwa (Kirumba): Unatumia adapta gani?

Doto: Ya king'amuzi, volti 12. Ya kwake haionekani.

Kulwa: Ichomoe sasa hivi! Mashine hizo nyingi ni za volti 9. Ndani kuna kidude cha miguu mitatu kilichoandikwa 7805, kinashusha umeme kuwa volti 5. Ukiingiza 9 kinatupa volti 4 kama joto. Ukiingiza 12 kinatupa 7. Kinachemka, gemu inaganda baada ya muda, mwisho kinakufa. Halafu angalia alama kando ya tundu la umeme. Famicom yenyewe ya Nintendo, ile mashine ya asili, ina hasi katikati, na mashine nyingi zilizoigiza zimefuata hivyo, ila si zote. Adapta nyingi za ving'amuzi zina chanya katikati. Pima kwa mita, usikisie. Pale Makoroboi mjini waulize adapta ya volti 9, miliampia 500.

Doto: Sawa, natuma mtu.

*(saa 10:40 jioni)*

Doto: Imewaka! Orodha ya gemu imetokea. Ila picha haina rangi.

Kulwa: Hiyo ni flati? Ingia kwenye mipangilio, mfumo wa rangi uweke wa kujichagulia wenyewe, au jaribu PAL halafu NTSC. Ukiwa hapo washa hali ya gemu. Flati huichakata picha kabla ya kuionyesha, kwa hiyo unabonyeza sasa, ndege inasogea baadaye kidogo. Kwenye gemu ya kukwepa risasi hicho kidogo ndicho kinachokuua. Kama kuna tivii ya chogo nyumbani, tumia hiyo. Na ile bastola ya gemu ya bata usihangaike nayo, kwenye flati haifanyi kazi kabisa.

Doto: Na ndege zinapepesa zikijazana kwenye mstari mmoja. Tivii mbovu?

Kulwa: Hapana, ndivyo ilivyo. Mashine ina uwezo wa kuchora vitu vinane tu vinavyotembea kwenye mstari mmoja wa picha. Vikizidi, gemu huvionyesha kwa zamu.

Mjomba Shija: Sasa Galaga yenyewe. Kampuni ya Namco iliitoa 1981, miaka miwili baada ya gemu yao ya Galaxian. Waambie watoto wasipige kitufe ovyo. Galaxian inakuruhusu risasi moja tu hewani, Galaga mbili. Zikikosa, unasubiri zitoke juu ya skrini huku adui anashuka.
Utamu wote uko kwenye ndege pacha. Wale adui wakubwa wa safu ya juu kabisa, wanaokufa kwa risasi mbili, mmoja hushuka peke yake, anasimama katikati na kumwaga mwanga. Ingia kwenye mwanga akuchukue. Hakikisha una maisha ya akiba. Akichukua ya mwisho, gemu imeisha. Ndege yako inapanda naye juu. Sasa usimpige akiwa kwenye safu, ndege itatoroka na kukushambulia. Subiri ashuke nayo, mpige yeye. Ndege inarudi na kuungana na yako.

Shangazi Neema: Na usiipige ndege yenyewe! Hapo ndipo wengi wanapokosea. Inakuwa nyuma yake, kwa hiyo akiinama kugeuka inatangulia mbele ya risasi. Msubiri anyooke.

Doto: Kumbe ni Kulwa na Doto kabisa. Hasara yake?

Mjomba Shija: Upana. Mnapiga mara mbili lakini mnagongwa kirahisi. Upande mmoja ukifa, mwingine unaendelea. Mimi nasema inafaa kila mara, hasa kabla ya hatua ya 3. Hiyo ni ya bonasi, kisha 7, kisha 11. Wanapita adui 40, hawapigi risasi. Ukiwamaliza wote unapata alama 10,000, na kwa ndege moja ni kazi kweli.

Kulwa: Na mkubwa akishuka na walinzi wawili, mpige yeye akiwa bado nao: 1,600. Akiwa peke yake ni 400.

Doto: Kwenye orodha naona na Gradius.

Kulwa: Simamisha gemu kwa Start, halafu juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, kisha Start tena. Silaha zinakuja kwa mkupuo. Kazuhisa Hashimoto wa Konami, kampuni ya gemu hiyo, aliiweka njia hiyo kwa sababu gemu ilimshinda akiijaribu. Tumia vitufe vya kawaida, vile vya kujirudia, vinavyobonyeza mara nyingi kwa mguso mmoja, vinaharibu hesabu. Ukifa, silaha zote zinaondoka.

Shangazi Neema: Doto, alama hazihifadhiwi. Mtoto akifikisha za juu, piga picha kwa simu kabla hamjazima, ututumie hapa.