Sabufa na betri ya pili kwenye buti dogo, nianzie wapi?

Bezi_Taratibu
Wakuu, salaam. Nina gari dogo la milango mitano. Buti lake ukiingiza kigari cha mtoto na begi moja, limejaa. Sasa hivi nimebeba sabufa ya inchi 12 kwenye boksi kubwa, na mwenzangu ameshatoa onyo la mwisho: boksi au kigari, kimoja kibaki nyumbani.

Mpango wangu ni huu. Nyuma ya matao ya matairi kuna mifuko miwili iliyozibwa kwa plastiki. Wa kushoto nataka uchukue sabufa ya inchi 10. Wa kulia niweke betri ya pili, maana sauti ikipanda kidogo tu amplifaya (chaneli moja, wati 800 RMS, yaani nguvu ya mfululizo) inawasha taa nyekundu na kujizima. Nimepata betri ya maji, bado nzima, inaingia ikilazwa ubavu. Spea tairi siitoi. Amplifaya yenyewe sijui itakaa wapi. Nisaidieni mawazo.

KutuMbaya
Mkuu, betri ya maji hailazwi ubavu, tindikali itamwagika yote. Na hata ikisimama wima usiiweke sehemu ya ndani iliyofungwa. Mimi niliiweka kwenye buti, nikajiona mjanja. Baada ya muda kila nikifungua mlango wa nyuma napokewa na harufu ya mayai viza. Kufunua kapeti, rangi imebabuka, bati limeanza kuliwa, na kidole kinazama pale ambapo hakikupaswa kuzama. Halafu betri ikichajiwa inatoa haidrojeni. Ikijikusanya, cheche moja ya waya uliolegea inatosha.

Kama lazima iwe nyuma, tafuta AGM (betri iliyozibwa, tindikali yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo), na kama ina tundu la kupumulia unganisha mpira utoke nje ya gari. Ifungwe kwa chuma kilichopigwa bolti kwenye bodi. Mikanda ya kufungia mizigo haifai, kwa sababu kilo 20 zikiruka gari linapofunga breki ghafla hazichagui kichwa.

Bezi_Taratibu
Nimeogopa. Je, ya lithiamu? Ni ndogo na nyepesi.

MitaMkononi
Subirini kwanza, mnanunua dawa kabla ya kupima. Mkuu, amplifaya inapojizima, taa za mbele zinafifia?

Bezi_Taratibu
Hapana, ziko vilevile. Dashibodi pia haibadiliki.

MitaMkononi
Basi ninashuku betri yako na altaneta havina kosa. Umeme upo mbele, haufiki nyuma. Chukua mita, washa injini, piga mlio mmoja wa hezi 50 kwa sekunde chache tu, na upime mara nne:

1. Kwenye betri, chanya na hasi.
2. Kwenye vichwa vya amplifaya, chanya na hasi.
3. Chanya ya betri hadi chanya ya amplifaya.
4. Hasi ya betri hadi hasi ya amplifaya.

Namba mbili za mwisho ndizo zinazosema mwizi yuko upande gani.

Kuhusu lithiamu: inakubali chaji kwa pupa, altaneta inaweza kuchemka kuihudumia, kwa hiyo unahitaji chaja ya kati ya kudhibiti. Na haitakiwi kuchajiwa kwenye baridi chini ya nyuzi 0. Ni betri nzuri, ila ni mradi mwingine.

Bezi_Taratibu
Majibu haya hapa. Kwenye betri volti 13.9. Kwenye amplifaya 10.8 (!!). Chanya hadi chanya 0.8. Hasi hadi hasi 2.3. Na bolti niliyofungia waya wa hasi, ile ya mkanda wa kiti cha nyuma, ina moto. Nimeigusa nikairuka.

MitaMkononi
Huyo ndiye mwizi. Amplifaya yako ikivuta ampea 80 hivi, volti 2.3 zinazopotea pale ni karibu wati 184 za joto kwenye bolti moja. Bolti za mkanda mara nyingi zina rangi na gundi ya kuzuia bolti isilegee, umeme unapita kwa shida, na ni za usalama, msizifanye kituo cha waya. Tafuta bati nene la bodi karibu, kwangua mpaka ling'ae, piga bolti yake pamoja na washa (pete ya chuma) yenye meno, kisha paka rangi juu kuzuia kutu. Waya wa hasi uwe mfupi, unene uleule wa chanya.

Kwenye chanya 0.8 nayo ni nyingi. Menya ncha ya waya, ukwangue uzi mmoja kwa kisu. Ukiona nyeupe ndani, umeuziwa alumini iliyovikwa shaba.

Bezi_Taratibu
Nyeupe kama sufuria. Nje plastiki nene ya kujidai, ndani nyuzi kiduchu.

MitaMkononi
Badilisha. Shaba tupu ya milimita mraba 35, kwa mita 5 na ampea 80, itapoteza kama volti 0.2. Fyuzi ya ampea 100, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi inalinda waya usiwake moto, amplifaya ina fyuzi zake. Waya ukipita ukuta wa injini uvalishwe mpira, bati halina huruma.

Resini_na_Vumbi
Kwa hiyo betri ya pili imekufa kabla ya kuzaliwa, na mfuko wa kulia umebaki wazi. Kabla hujashangilia, toa plastiki uangalie. Upande mmoja huwa na bomba la kujazia mafuta, na chini huko kuna vipepeo vya kutolea hewa ya ndani. Ukiviziba milango itakuwa migumu kufunga na vioo vitajaa ukungu.

Kushoto tengeneza boksi la faibaglasi. Bandika tepu ya karatasi kwenye bati, juu yake foili yenye nta, kisha tabaka mbili za mkeka wa faibaglasi na resini. Likishika litoe, malizia tabaka nyingine nje ya gari, sehemu yenye upepo, ukiwa na barakoa ya kemikali. Ile harufu hukaa kwenye viti wiki nzima. Lenga unene wa milimita 6, mbele weka MDF (ubao wa unga wa mbao) ya milimita 18. Ujazo usikisie: tandika mfuko wa plastiki ndani, mimina maji kwa kopo la lita 1, hesabu.

Bezi_Taratibu
Mrejesho, wakuu. Hasi nimehamisha, sasa inapoteza 0.1. Waya mpya umeingia. Amplifaya haijajizima tena, hata kwa sauti ya kugombanisha majirani.

Mfuko wa kulia kweli una bomba la mafuta, nimeurudishia plastiki yake. Amplifaya imekwenda chini ya kiti cha abiria, nimeacha vidole vitatu vya hewa juu yake na njia ya hewa ya miguuni sijaiziba. Boksi la kushoto limepokea lita 17. Sabufa yenyewe inakula kama 1.5, na karatasi yake ya vipimo inataka boksi lililozibwa la lita 14 hadi 20. Kigari kinaingia, ila gurudumu lake linaelekea kwenye koni ya sabufa moja kwa moja.

Resini_na_Vumbi
Funika kwa wavu wa chuma, uinue sentimita 3 ili koni isiugonge ikitoka. Na weka picha, tumesoma maneno ya kutosha.