Ushauri wenu wakuu: safari ya meli ya kitalii na familia kutoka Galveston, chumba cha ndani au chenye kibaraza?

Mtoto wa Sinza
Habari za jioni wakuu. Nipo Houston, mwaka wa sita sasa. Mama mkwe anatimiza miaka 70 na wanawe wameamua sherehe ifanyike ndani ya meli ya kitalii. Inatoka Galveston, inakwenda Cozumel na Progreso kule Mexico, inarudi Galveston, jumla siku 5. Ukoo mzima tupo 11. Kwangu mimi ni mke na watoto wawili. Zimebaki wiki 3.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie. Chumba cha ndani kisicho na dirisha, au chenye kibaraza? Mimi boti ya Zanzibar tu natapika kabla hatujaipita Mbudya. Chakula kikoje, watoto hawapotei? Na pale bandarini wakati wa kurudi wanakagua nini hasa? Usingizi umenikimbia wiki nzima. Nawasilisha.

Binti Pangani
Hongereni, na mama apewe shikamoo yangu. Nimesafiri mara mbili kutoka bandari hiyo hiyo. Chumba cha ndani ni giza totoro. Binti yangu aliamka saa nne asubuhi akaanza kuvaa nguo za kulalia, akidhani bado ni usiku. Kama tumbo lako ni jepesi, usitazame kibaraza, tazama mahali. Chumba kiwe katikati ya meli na ghorofa za chini, huko mtikisiko ni mdogo. Beba vidonge vya kichefuchefu na umeze kabla hujaanza kuumwa, ukishaanza vinachelewa kukusaidia. Tangawizi mbichi pia.

Mizigo mikubwa mnaikabidhi bandarini na mnaikuta mlangoni jioni. Kwa hiyo dawa, pasipoti na nguo za watoto za kuogelea ziwe kwenye begi la mkononi, la sivyo watalia pembeni mwa bwawa mchana kutwa. Simu ziwekeni hali ya ndegeni kabla meli haijaondoka. Zikidaka mtandao wa setalaiti wa melini mtalia na bili. Na bakshishi haimo kwenye nauli: ni kama dola 16 hadi 20 kwa kila kichwa kwa siku, watoto nao wanahesabiwa. Wenye masharti ya chakula, halali au mzio, waandikie kampuni mapema, msisubiri kufika mezani.

Kagera Yetu
Mimi na meli tumeachana. Nilikuwa darasa la nne MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei 1996, Mwanza tayari inaonekana kwa macho. Mama yangu mdogo alikuwemo. Tangu hapo nyumbani kwetu tunazunguka na basi, hata kama ni siku nzima. Watu wa meli za starehe nao wasiniambie ni salama, ile Costa Concordia ilipasuka kwenye mwamba wa Giglio, Italia, Januari 2012 na watu 32 wakafa. Mkuu, mazoezi ya dharura yakitangazwa usibaki chumbani. Nenda na watoto, wavalishe jaketi na uhakikishe limewakaa. Sina ushauri mwingine.

Liemba1913
Pole sana Kagera. Sisi wa Kigoma tuna bahati nyingine. MV Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, imejengwa na kiwanda cha Meyer, Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, na kiwanda hicho hicho leo ndicho kinachounda baadhi ya meli kubwa kabisa za kitalii. Ilikuja vipande vipande ndani ya makasha, ikaungwa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916 isichukuliwe, lakini injini waliipaka grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Nimepanda nayo hadi Mpulungu, Zambia, nikiwa na bibi, daraja la tatu, tumelalia magunia ya dagaa. Kila iliposimama mitumbwi iliizunguka pande zote na watu wakapanda kwa kamba, mama na mtoto mgongoni. Mkuu, nenda, hiyo ya kwako ina kiyoyozi.

Kamwene
Niseme ukweli hata kama hautapendwa. Watu 11 kwa siku 5, hiyo hela ni nyumba ya kumaliza kijijini. Mama wa miaka 70 anataka kuwaona ndugu zake nyumbani, hajaomba kuzungushwa baharini. Diaspora tumejifunza kula bata kwa mkopo.

Mama Kelvin
Kamwene acha hizo. Mama amelea, acha alelewe. Mwaka wa 70 wa mama yangu tulisema tutamfanyia mwakani. Mwakani tulimfanyia arobaini.

Mzee Makaratasi
Mtoto wa Sinza, uzi wako nimeusoma mara mbili. Mwenye hofu ya kutapika haulizi kinachokaguliwa wakati wa kurudi. Funguka. Una makaratasi?

Mtoto wa Sinza
Asanteni wote, nimeandika ya tangawizi.
Mkuu Makaratasi, ninayo. Nina kadi ya kazi, namba ya hifadhi ya jamii, leseni ya Texas na pasipoti ya nyumbani. Mke ni raia, watoto wamezaliwa hapa. Na nimeelezwa na mtu aliyekwenda kwamba meli ikirudi bandari ile ile iliyoondokea, inahesabika hujatoka nchini.

Mzee Makaratasi
Hesabu hiyo ni ya raia. Ndiyo maana mkeo na watoto wanaweza kwenda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho badala ya pasipoti. Wewe ukivuka maji ya Marekani umetoka, hata kama hukushuka Cozumel, hata kama ulilala chumbani siku zote 5. Na majina ya abiria yanapelekwa kwa uhamiaji kabla meli haijang'oa nanga, usidhani ni kama kuingia pantoni ya Kigamboni.
Chukua kadi yako ya kazi sasa hivi. Isome chini kabisa, yale maandishi madogo. Utuambie yanasemaje.

Mtoto wa Sinza
Inasema haitumiki kuingilia tena Marekani.

Mzee Makaratasi
Ingekuwa na kibali cha kusafiri, hapo hapo ingesema inatumika kama kibali. I-485 yako, lile ombi la grini kadi, iko wapi?

Mtoto wa Sinza
Ilipokelewa mwaka jana. Alama za vidole nimeshachukuliwa, usaili bado. Kibali cha kusafiri, I-131, niliomba pia, majibu hayajaja. Lakini wakuu, wiki 3 ni nyingi, kinaweza kutoka. Na huyo jamaa alipita kwenye kamera ya uso, hakuulizwa chochote.

Mzee Makaratasi
Huyo jamaa ana grini kadi au uraia, nakuhakikishia. Ukitoka bila kibali mkononi, I-485 inahesabiwa umeitelekeza. Kuwa umeomba siyo kuwa unacho. Bahati yako kubwa itakuwa wakukatalie pale pale Galveston usipande.
La pili. Uliingia kwa viza gani?

Mtoto wa Sinza
Utalii.

Mzee Makaratasi
Ulipewa miezi sita?

Mtoto wa Sinza
Sita.

Mzee Makaratasi
Na ombi uliwasilisha mwaka jana. Sasa nisikilize vizuri, mdogo wangu. Kwa aliyeoa raia na kuingia kwa viza halali, ile miaka uliyopitiliza haikuzuii kupata grini kadi ukiwa ndani. Siku unatoka bila kibali, inafufuka yote. Aliyekaa kinyume cha sheria zaidi ya mwaka mmoja, akitoka anafungiwa miaka 10. Kuna maombi ya msamaha, lakini utayaombea Sinza.

Mama Kelvin
Mungu wangu. Mwambie tu mama mkwe huna kibali, kwani kuna aibu gani? Mume wangu alikaa miaka minne hana makaratasi na ukweni walijua. Walituletea hadi unga.

Mtoto wa Sinza
Dada, kwenu walijua toka mwanzo. Siku ya mahari mjomba wa mke wangu aliniuliza kwenye simu ya spika, wazee wote wamekaa, "Kijana, makaratasi yako yamekaa sawa?" Nikajibu yamekaa. Mpaka leo ukweni wanajua nina grini kadi. Shemeji zangu wawili walinipinga wakisema nimefuata uraia wa dada yao. Nikikosa safari hii wiki 3 kabla, watasema si tulisema. Ndiyo maana nasema labda nijaribu, wakikataa bandarini angalau nimeonekana nimekwenda na begi langu.

Kamwene
Kumbe hata harusi ilianza na uongo. Ndoa ya kuficha ina siku zake.

Chungu Tamu
Wakuu mnamhurumia mtu wa kutunga. Hii ni chai, tena ya maziwa. Angalieni. Safari imebaki wiki 3, na yeye anauliza achague chumba gani. Watu 11 wa meli moja, vyumba vinalipwa vyote miezi kabla, zikibaki wiki 3 hakuna cha kuchagua. Ama ni wakala anatafuta wateja, ama ameokota mkasa wa mwenzake. Mzee Makaratasi unatoa elimu ya bure kwa hewa.

Liemba1913
Dah. Hapo Chungu ana hoja.

Kagera Yetu
Wakala gani anakuja kuwaogopesha wateja na miaka 10? Ila hilo la chumba hata mimi limenikwama. Mleta uzi jibu.

Binti Pangani
Awe anatunga au hatungi, haya niliyonayo mimi si ya kutunga. Kaka yangu alikuwa na kesi kama hii. Baba alifariki Tanga, akasema siwezi kumzika baba kwa simu. Alipanda ndege kabla kibali hakijatoka. Huu ni mwaka wa 8 yuko Tanga. Mwanawe wa pili hajawahi kumshika. Mtoto akimwona kwenye simu anamwita "Baba wa Simu", kwa sababu nyumbani kuna picha ya baba na kuna baba wa simu, na hajui ni mtu mmoja. Kaka alitoka kwa msiba wa baba yake na bado hawakumrudisha. Wewe ni sherehe.

Chungu Tamu
Pole Binti. Nabaki na swali langu kwa mleta uzi.

Mtoto wa Sinza
Chungu uko sahihi kuhusu chumba. Kilishalipwa tangu Februari. Ni cha kibaraza, ghorofa ya 7. Niliuliza chumba kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Na kuna jambo sikulisema. Machi nilimpigia wakili. Aliniambia nisikanyage nje. Dakika nne tu, akakata. Sikumwambia mke wangu. Yeye anajua kesi inaendelea, anadhani kadi ya kazi inatosha. Nilikuja hapa nikitumaini atatokea mtu mmoja aseme wakili amekosea.

Picha siweki, ila nieleze hiki. Mama mkwe alichagua kitenge cha sare, zambarau na njano, fundi ameshona Moshi na mtu amekileta. Mashati na magauni 11. Langu lina kola ya kusimama. Mama aliagiza fundi ashone kwa ndani jina langu, akaweka na neno "mwanangu" mbele yake. Hakuweka mkwe. Limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba, na kila nikifunga mlango linanipepea.

Chungu Tamu
Samahani mkuu. Nafuta neno.

Mama Kelvin
Mama anayeshonesha "mwanangu" unamwogopea nini? Hao shemeji achana nao. Mwambie mke wako leo, asilale bila kujua. Halafu mama aambiwe na wewe mwenyewe, uso kwa uso, asisikie kwa shemeji.

Mzee Makaratasi
Kwa upande wa hela, mke apige kampuni aulize kama jina linaweza kubadilishwa, kampuni nyingi huruhusu kubadili abiria mmoja wa chumba ikiwa wengine wanabaki. Hata nauli ikipotea, ile kodi ya bandari na ada za serikali hurudishwa kwa asiyesafiri, usiiache. Bima usiitegemee, kwa kawaida hailipi aliyekwama kwa makaratasi yake. Na I-131 usiombe waiharakishe kwa ajili ya sherehe, hiyo nafasi itunze. Siku mzee akiumwa nyumbani utaihitaji.

Mtoto wa Sinza
Wakuu, ni saa nane usiku. Nimemwambia mke wangu. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Tangu Machi?" Nikasema ndiyo. Akatoka akakaa kwenye gari karibu saa nzima. Aliporudi alisema Jumamosi tunakwenda Dallas kwa mama, na mbele yake nitaongea mimi, yeye hatanisaidia neno hata moja. Nimekubali. Nafasi yangu tutaulizia apewe binti wa dada yake, ikikataliwa basi.

Kitinda mimba wangu ana miaka 4. Amechora meli, ameibandika kwenye friji, na kwenye kibaraza kuna watu wanne. Binti Pangani, naomba swali la mwisho. Nikiwapeleka asubuhi ile, kuna mahali naweza kusimama meli ikiondoka nikawaona? Au magari yanafukuzwa?

Binti Pangani
Pale kwenye geti huwezi kukaa, unashusha watu na mizigo unaondoka. Lakini kuna pantoni ya Galveston kwenda Bolivar, ni ya bure, hata kwa miguu unapanda. Ni kama dakika 20 kuvuka na meli kubwa zinapita njia hiyo hiyo kutoka bandarini. Meli nyingi huondoka kuanzia saa kumi jioni, mke akutumie ujumbe kamba zikianza kulegezwa. Ghorofa ya 7 siyo juu sana, watakuona. Muulize mke mapema kibaraza chao kiko upande gani, kushoto au kulia, usije ukasimama upande usiofaa.

Na uvae hilo shati. Zambarau na njano mtoto ataliona hata kutoka mbali.

Mtoto wa Sinza
Nitalivaa. Nitameza na vidonge.