Gumzo la ukoo: Grendizer na kishikwambi cha Rayyan

Ami Nassor (Maskati): Asalamu alaykum nyote. Jana nilikaa na mjukuu wangu Rayyan kuanzia Alasiri hadi Magharibi, naye akafungua katuni kumi na moja kwenye kishikwambi chake. Nilizihesabu. Hakuna hata moja aliyoimaliza, kwa sababu kila kisa kilipokaribia kunoga kidole kilipita juu ya kioo na kingine kikaanza. Nilipomuuliza ile ya mwanzo ilihusu nini, alinijibu, "Babu, ni ile yenye rangi nyingi." Nasema kwa masikitiko kwamba katuni za siku hizi zinachorewa kidole cha mtoto, na jicho lake limesahauliwa.

Mama Rayyan (Maskati): Waalaykum salaam Baba. Kishikwambi hicho ni wewe uliyemnunulia.

Shangazi Raya (Unguja): Waalaykum salaam warahmatullah. Kabla mjadala haujapamba moto, nawakumbusha kanuni ya kikundi hiki: tunaandika sentensi kamili, na atakayeniandikia "xaxa" au "cjui" nitamtoa, awe mdogo au mkubwa. Sikufundisha Kiswahili miaka yote ile ili nije kusoma vipande vya maneno uzeeni.

Zuwena (Dar es Salaam): Shikamoo Ami, shikamoo Shangazi. Ami, mimi ninayepata riziki kwa kuchora katuni naomba kujua unazilinganisha za leo na zipi, maana "za zamani" ni bahari pana na ndani yake mlikuwa na samaki na takataka vilevile.

Shangazi Raya (Unguja): Marahaba mwanangu. Umemchokoza, sasa mvumilie.

Ami Nassor (Maskati): Marahaba Zuwena. Ninazilinganisha na Grendizer, ile katuni ya Kijapani ya roboti kubwa la vita, wala siombi radhi. Tulipohamia Maskati nilikuwa na umri wa miaka tisa na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni tu: niliweza kusoma Juzuu Amma kwa ghibu lakini sikuweza kuagiza mkate dukani. Watoto wa skuli walinicheka, nami nikawa sisemi. Ndipo siku moja, sebuleni kwa jirani, nikamwona mwana wa mfalme wa sayari iitwayo Fleed, ambaye kwao kumeteketezwa na majeshi ya Vega, amekimbilia duniani, akapokelewa na Profesa Umon kama mwanawe wa kumzaa, akapewa jina jipya la Daisuke, na mchana kutwa anafanya kazi kwenye shamba la farasi bila watu kujua alikotoka. Mwanangu, sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Kampuni ya Toei iliitengeneza huko Japani kutokana na kazi ya mchoraji Go Nagai, vipindi 74, kati ya 1975 na 1977, kisha sauti za Kiarabu zikatiwa Lebanon. Duke Fleed, yaani huyo mwana wa mfalme, alisemewa na Jihad El Atrash kwa Kiarabu fasaha kilekile cha vitabuni, kwa hiyo nilimwelewa yeye kabla sijawaelewa watoto wa mtaani. Nikaanza kusema kama yeye. Nilimwendea mwenye duka nikamwambia jambo ambalo kwa Kiswahili lingekuwa, "Ewe bwana mtukufu, nipatie mikate miwili," naye akacheka hadi akakataa kupokea pesa yangu.

Suleiman (Brussels): Ami, sisi tuliokulia Bujumbura tulimjua kwa jina la Goldorak, maana kanda zetu zilitoka Ufaransa, ambako alianza kuonyeshwa mwaka 1978. Nilipofika hapa nilibishana na Mlebanoni mmoja kazini karibu nusu saa, kila mmoja akidai kwamba shujaa wake angempiga wa mwenzake, kabla hatujagundua kwamba tunamsifu mtu mmoja.

Zuwena (Dar es Salaam): Kisa cha mkate kimenifurahisha sana, Ami, na kwa sababu hiyo naomba tutenganishe mambo mawili ambayo umeyafunga kitita kimoja, yaani kile ulichokipenda na ubora wa michoro yenyewe. Filamu hupita mbele ya macho yetu kwa kasi ya fremu 24, yaani picha 24 zilizosimama, kila sekunde. Kuchora picha mpya 24 kwa kila sekunde ni gharama isiyobebeka kwa kipindi cha kila wiki, kwa hiyo tangu mchoraji Osamu Tezuka alipoanza kurusha katuni yake ya Astro Boy tarehe 1 Januari 1963, watu wa Japani walizoea kupiga picha mchoro mmoja mara tatu, ikawa michoro minane tu kwa sekunde. Zaidi ya hapo uso ulisimamishwa ukachezeshwa mdomo peke yake, na vipande vilivyokwisha kupigwa vikahifadhiwa ili virudiwe. Utulivu unaousifia ulitokana na ukata. Hebu kumbuka Duke Fleed anapokwenda vitani: anaruka, anapaza sauti, anabadilika mavazi, kile kiti kinamzungusha kuingia kwenye kichwa cha roboti. Ni michoro ileile inayorudi kipindi baada ya kipindi, kwa sababu ilikuwa imeshalipiwa.

Suleiman (Brussels): Hicho kiti! Kinageuka huku, kisha kinageuka kule, na hadi leo sijaelewa kwa nini hakikuelekezwa sawasawa tangu mwanzo.

Ami Nassor (Maskati): Unadhani hatukujua kwamba kinarudiwa? Tulijua, na tulikingoja. Kile kilikuwa kiitikio, Zuwena. Ukienda kwenye taarabu ukasikia kiitikio kwa mara ya tano, huwezi kumwambia mwimbaji kwamba amefilisika maneno, kwa maana kiitikio ndicho mlichokijia wote, na ubeti unawapeleka huko taratibu huku mnajiandaa kuinuka na kutunza. Tulikuwa watoto saba tumejazana kwenye mkeka mmoja, na kiti kilipoanza kuzunguka tulizunguka sote.

Shangazi Raya (Unguja): Nathibitisha, maana nilikuwapo. Alizunguka na kiti cha marehemu baba mpaka mguu ukang'oka, kisha akasema ni paka.

Zuwena (Dar es Salaam): Hoja ya kiitikio naipokea kwa mikono miwili, na nitaiiba kazini. Hata hivyo si kila kungojeshwa ni kiitikio. Chukua katuni ya Dragon Ball Z, iliyoanza 1989 ikaisha 1996 kwa vipindi 291. Mtunzi wake, Akira Toriyama, alikuwa bado anaichora manga yake, yaani hadithi ya picha ya kusomwa, wiki kwa wiki, na televisheni ilikuwa inamkimbiza mgongoni, kwa hiyo kila ilipomkaribia ililazimika kuvuta muda: watu wanatazamana, mawe yanapaa, mtu anapiga kelele dakika nzima. Adui aitwaye Frieza alitangaza kwamba sayari ya Namek italipuka baada ya dakika tano, na dakika tano hizo zikachukua kipindi baada ya kipindi. Toei wenyewe waliona haya, wakaipunguza na kuirusha upya mwaka 2009 kwa jina la Kai. Siku hizi kazi nyingi hutengenezwa kwa misimu mifupi ya vipindi kumi na viwili hivi, kisha wanapumzika hadi kisa kipatikane. Kwa hilo, Ami, wa leo wanamheshimu mtazamaji kuliko wa zamani.

Ami Nassor (Maskati): Ile mimi sikuitazama, nilikuwa mtu mzima mwenye mke. Nitakuachia Namek. Ila rangi siachi. Rangi za leo zimenyooka mno, kama ukuta wa hoteli uliopakwa asubuhi ya leo.

Zuwena (Dar es Salaam): Hapo unasema kitu cha kweli, na nitakueleza kinatoka wapi. Zamani mchoro ulinakiliwa kwenye karatasi angavu ya plastiki, ukageuzwa, ukapakwa rangi kwa brashi upande wa nyuma, ukawekwa juu ya mandhari iliyochorwa kando, kisha vyote viwili vikapigwa picha pamoja. Ukitazama kwa makini utaona mhusika ametupa kivuli chembamba juu ya mandhari, kwa sababu kati yao kulikuwa na unene wa plastiki, na mara nyingine utaona chembe ya vumbi ikitokea na kutoweka. Kompyuta imeondoa vyote hivyo. Walioing'ang'ania kazi ya mkono kuliko wengine ni wa katuni ya Sazae-san, ambayo imekuwa hewani tangu 1969 na iliendelea kupakwa kwa brashi hadi 2013. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi nilipewa amri ya kuongeza vumbi la bandia kwenye katuni iliyotengenezwa kwa kompyuta, ili ionekane ya kale. Nilitumia siku mbili nzima kutawanya uchafu.

Mama Rayyan (Maskati): Na mimi hulipwa siku ngapi kwa kuuondoa nyumbani?

Ami Nassor (Maskati): Ahsante Zuwena, sasa najua ninachokikosa kinaitwa vumbi. Lakini bado sijafika kwenye hoja yangu yenyewe. Karibu na mwisho wa Grendizer anakuja Rubina, binti wa mfalme Vega, yaani binti wa adui, ambaye alikuwa amechumbiwa na Duke Fleed kabla ya vita. Anakuja kumwambia kwamba sayari ya Fleed haikufa kabisa, kwamba uhai umeanza kurudi, na wakati huohuo anaingia mbele ya silaha iliyomlenga Duke Fleed na anafia mikononi mwake. Sote saba tulikaa kimya. Mama yule jirani alileta chai, akatukuta tunalia, akaweka sinia akaondoka bila kusema neno. Hakuna aliyekuja na wimbo wa kutuchangamsha wala mnyama wa kuchekesha wa kutusahaulisha. Mtoto aliachwa na huzuni yake mpaka kipindi kinachofuata. Ninachowalaumu watengenezaji wa leo ni kwamba wanamwogopa mtoto. Kabla uso wake haujakunjamana wameshamtupia peremende.

Shangazi Raya (Unguja): Nassor, hilo la Rubina hukuwahi kutuambia.

Zuwena (Dar es Salaam): Ami, kwa heshima zote, hapo umewafunga wengi wasio na hatia. Kuna Frieren, iliyoanza kuonyeshwa 2023, na inaanzia pale ambapo visa vya zamani viliishia: vita vimekwisha, mashujaa wamerudi, kisha mmoja wao anazeeka na kufariki, na mwenzake wa ukoo unaoishi zaidi ya miaka elfu anasimama kaburini analia, kwa kuwa alikaa naye miaka kumi na hakujitaabisha kumjua. Sehemu kubwa ya yanayofuata ni safari ya majuto hayo. Hakuna anayetupiwa peremende. Hiyo si ya umri wa Rayyan, nakubali, lakini kwa wadogo kuna Bluey kutoka Brisbane, Australia, ambayo kila kipindi ni dakika saba tu, na ndani ya dakika hizo nimeona mtoto akifundishwa kwamba rafiki wa likizoni huondoka na pengine humwoni tena.

Mama Rayyan (Maskati): Hiyo ya Bluey mimi huitazama hata Rayyan akiwa amelala. Baba, kumbuka pia ile mpya ya Grendizer ya mwaka 2024. Uliitisha familia nzima.

Ami Nassor (Maskati): Usinikumbushe. Vipindi 13, wenzetu wa Saudia wakiwa na mkono wao ndani, na mimi nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayempokea ndugu yake uwanja wa ndege. Roboti limechorwa vizuri ajabu. Lakini Duke Fleed hapewi nafasi ya kukaa shambani akawatazama farasi, kwa kuwa kila dakika kuna jambo la kwenda kupiganiwa. Nilimaliza vyote 13 na nikaona ningependa zaidi kwenda Riyadh kuitazama tena ile sanamu yake ya zaidi ya mita 33, ambayo walau imesimama.

Shangazi Raya (Unguja): Picha ya sanamu hiyo imeshaletwa humu mara nne. Usiilete ya tano.

Suleiman (Brussels): Naomba niulize jambo moja linalonikera. Tumezungumza Kijapani, Kiarabu, Kifaransa, na mbwa wa Australia. Watoto wetu wanazungumziwa na nani kwa Kiswahili?

Zuwena (Dar es Salaam): Wanazungumziwa, Suleiman. Ubongo Kids ilianza hapa Tanzania mwaka 2014 ikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na wenyewe haohao wakaleta Akili and Me kwa wale wadogo kabisa. Michoro yake ni rahisi, sitasema uongo mbele ya mwalimu wa ukoo. Ila mtoto anasikia herufi na nambari kwa lugha ya bibi yake.

Mama Rayyan (Maskati): Baba, katika zile katuni kumi na moja ulizohesabu, hiyo mojawapo ilikuwamo. Nyumbani sisi na Rayyan tunachanganya Kiarabu na Kiingereza, na nilikuwa nikijilaumu. Wiki iliyopita alimpigia Shangazi simu ya video, naye Shangazi ni shahidi.

Shangazi Raya (Unguja): Ni kweli kabisa. Alinitazama kwa makini akaniambia, "Habari za asubuhi, rafiki yangu mpendwa, je, uko tayari kujifunza?" Ilikuwa saa mbili usiku. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, kisha nikamwahidi zawadi.

Ami Nassor (Maskati): Subhanallah. Rafiki yangu mpendwa.

Ami Nassor (Maskati): Huyo angeweza kwenda dukani akapewa mkate wa bure.

Mama Rayyan (Maskati): Yuko hapa pembeni yangu. Nimemsomea habari ya mtu wa farasi, na anauliza kama hilo roboti lake linaonekana leo.

Ami Nassor (Maskati): Mwambie nitamwonyesha kipindi kimoja Ijumaa baada ya swala, na kile cha pili Ijumaa inayofuata. Na kiti cha ofisini mkifunge stoo.