Breki za rimu na barabara nyembamba za Milima ya Taita

Binti wa Kinoo aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Mimi na kaka yangu tunaishi Kinoo, na wikendi nyingi tunaendesha baiskeli kupitia Kikuyu hadi Limuru. Mwezi wa Agosti tunanuia kupakia baiskeli kwenye basi hadi Voi, kisha tupande Milima ya Taita kupitia Mwatate na Wundanyi, na baadaye tuzunguke vijiji vya juu vya Werugha na Mgange kabla ya kuteremka. Kupanda hakunitishi sana. Kinachonitia wasiwasi ni kuteremka, kwa kuwa nimeambiwa kwamba barabara za huko zimechongwa ubavuni mwa mlima, kwamba magari hupishana kwa shida, na kwamba pembeni mara nyingi ni bonde tupu. Baiskeli zetu ni za milimani, za zamani kidogo, zenye breki za mpira zinazobana rimu. Je, zinafaa, au tutafute za breki za diski? Na tungebeba vipuri gani?

Fundi wa Kariokor alijibu:

Dada, baiskeli hizo zinafaa, mradi rimu na waya viwe vizima. Usikimbilie kununua diski za mafuta kwa ajili ya safari hii pekee, kwa sababu zikivuja kijijini huenda usipate wa kuzitengeneza, ilhali waya wa breki fundi yeyote wa baiskeli anaujua.

Adui wako katika mteremko mrefu ni joto. Ukibana breki kidogo kidogo bila kuachia kuanzia juu hadi chini, rimu hupata moto, hewa iliyo ndani ya tyubu hupanuka, na kiraka kilichobandikwa kwa gundi kinaweza kuachia ukiwa katikati ya kona. Kwa hiyo weka tyubu mpya zisizo na kiraka, hasa gurudumu la mbele. Bana breki kwa nguvu ukiwa bado kwenye sehemu iliyonyooka kabla ya kona, punguza mwendo hadi uwe na uhakika, kisha achia ili rimu ipoe. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ukiibana ghafla juu ya kokoto tairi litateleza, kwa hiyo zitumie zote mbili na urudishe uzito wa mwili nyuma ya kiti.

Kabla ya kuondoka, pitisha kidole kwenye ukuta wa rimu pale mpira unapogusa. Ukihisi umebonyea kwa ndani, rimu hiyo imelika na haifai kwenda mlimani hata kama baiskeli inang'aa. Beba mipira ya breki ya akiba, kwa kuwa tope lenye mchanga huila upesi ajabu. Na gia nyepesi kabisa ya mbele isiwe na meno mengi kuliko ile kubwa ya nyuma, la sivyo mtasukuma baiskeli kwa miguu.

Mdawida wa Embakasi alijibu:

Nimefurahi kuona kwamba mnakwenda kwetu. Naafikiana na fundi, ila naongeza jambo la majira. Agosti si wakati wa masika wala wa vuli, lakini huku juu ni kipindi cha baridi, ukungu na manyunyu. Chini ya miti, kwa mfano karibu na msitu wa Ngangao, lami na udongo hubaki na unyevu hata jua likiwa limewaka kwingine. Rimu iliyolowa haishiki mara moja. Gurudumu huzunguka kwanza likijifuta maji ndipo breki ianze kufanya kazi. Jizoezeni kugusa breki mapema zaidi kuliko mnavyofanya Limuru.

Pandeni kwa njia ya Mwatate, asubuhi na mapema. Mwatate iko katika mita 850 hivi na kuna joto kali, nayo Wundanyi imepita mita 1,400, kwa hiyo mtaanza kwa jasho na kufika mkitafuta sweta. Barabara hiyo ina lami na kona kali zinazofuatana, na matatu za huko hupiga honi kabla ya kona. Nanyi pigeni kengele, mshike kushoto, na msipange baiskeli mbili sambamba hata mahali panapoonekana patupu. Mkisikia lori la mboga linashuka, simameni mahali palipo na nafasi, mlipishe. Madereva wa milimani wanawaheshimu sana wanaofanya hivyo, na mara nyingi watawapungia mkono.

Juu ya Mgange kuna kilele cha Vuria, mita 2,208, na mtu mwenye nguvu ya ziada asikose kukifikia. Lakini tafadhali, mkiteremka mrudi tambarare mapema. Kati ya Mwatate na Voi tembo huweza kuvuka barabara, na baiskeli haina sauti ya kuwaonya. Saa kumi na mbili jioni muwe mmeshafika mnakolala.

Binti wa Kinoo:

Asanteni sana. Nitabadilisha tyubu na mipira yote wiki hii. Je, kuna mahali karibu na Nairobi pa kufanyia mazoezi ya mteremko mrefu namna hiyo?

Msafiri wa Rongai alijibu:

Nendeni Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, mkipitia Kiserian. Mteremko wa kuingia Bonde la Ufa ni mrefu, na upepo wa pale utawafundisha kushika usukani kwa mikono miwili muda wote. Barabara si nyembamba kama za Taita, kwa hiyo mazoezi ya kupishana hamtayapata, lakini ya breki mtayapata tele. Fungeni mizigo ileile mtakayobeba Agosti, kwa kuwa baiskeli yenye mzigo nyuma huchelewa kusimama, na acheni nafasi kubwa baina yenu. Bebeni maji ya kutosha kurudi juu, maana kule chini jua la saa nne tayari ni kali.