Kijana mmisionari tunayemlea anahamishwa kutoka Malindi kwenda Lamu: tumtayarishe vipi?

MamaMlezi_Muyeye aliandika:

Hodi humu ndani. Hapa kwetu Muyeye tunamlea kijana mmisionari wa miaka 22, mwenyeji wa Njombe, Tanzania. Utumishi wake ni wa miaka miwili na sasa ametimiza miezi tisa. Mwezi huu mambo matatu yamemwangukia kwa mpigo: mwenzake waliyekuwa wakizunguka naye amemaliza muda amerudi kwao, kiongozi wa misheni amebadilishwa, na barua imekuja kwamba baada ya wiki tatu naye ahamie Lamu. Tangu siku ile chakula anakigusagusa tu, mchana analala, na akiulizwa jibu ni moja: "Nipo salama, mama." Kigiryama alichojifunza kwa jasho anaona kama kimekwenda bure.

Naomba wenye ujuzi mnieleze mambo ya safari na mizigo, namna ya kukaa na watu wa Lamu, na huu moyo wake tuushike vipi. Maneno ya "jikaze kijana" ameshayasikia ya kutosha.

---

Nesi_Barani:

Mama, usianze na moyo, anza na damu. Kulala mchana na kukosa hamu ya chakula ni dalili za huzuni, lakini ni dalili za malaria pia, na za upungufu wa damu. Aliyekulia Njombe kwenye baridi, ambako mbu ni wachache, mwili wake haukujenga ile kinga waliyo nayo watu wa pwani. Mpeleke zahanati kesho asubuhi apimwe malaria na kiwango cha damu. Akikutwa na malaria ya kawaida atapewa dawa mseto, AL: kwa mtu mzima ni vidonge vinne kila mara, mara sita ndani ya siku tatu. Dozi ya pili inamezwa saa nane tangu ameze ile ya kwanza, si kesho yake, na zilizobaki ni asubuhi na jioni. Ameze pamoja na chakula chenye mafuta, maziwa au wali wa nazi, kwa sababu tumboni patupu dawa hii hainyonywi vizuri. Wengi huacha siku ya pili homa inaposhuka, na hapo ndipo ugonjwa unaporudi.

Kuna jambo ambalo watu hawaliulizi. Je, anameza dawa ya kujikinga na malaria? Kama ni kidonge cha mara moja kwa wiki, soma pakiti. Ikiwa ni meflokwini, ijulikane kwamba dawa hiyo kwa baadhi ya watu huleta ndoto za kutisha, wasiwasi na huzuni nzito. Asiiache kimyakimya wala asiendelee nayo kimyakimya. Amwone daktari ampe nyingine.

Vipimo vikitoka safi, basi sasa ni moyo. Huzuni ya kuhama ina siku zake na si ugonjwa. Lakini ikipita wiki mbili mfululizo hali chakula vizuri, usiku hapati usingizi, hata mambo aliyoyapenda ameyaacha, kiongozi wake aambiwe na aonwe na daktari. Akitoa neno lolote la kutotaka kuishi, ni siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake hata dakika moja.

---

MzeeWaMokowe:

Mama, salaam. Swali la kwanza: Lamu ipi? Barua ikisema "Lamu" peke yake bado haijasema kitu. Wakristo wengi wa kaunti hii wako bara, Mpeketoni, Hindi na Witu, kwenye mashamba waliyogawiwa watu tangu miaka ya 1970. Huko atakuta makanisa mengi, watu wa makabila mbalimbali, matope ya masika na pikipiki. Kisiwani ni mji wa mawe, vichochoro, punda, na karibu kila jirani ni Mwislamu. Vitu vya kubeba ni tofauti na kazi ni tofauti. Mwulizeni kiongozi mpya kabla hamjafunga hata begi.

Safari: Malindi hadi Mokowe ni kiasi cha kilomita 220, mnapita Gongoni, Garsen, Minjila, Witu na Hindi. Asafiri asubuhi mapema, kamwe asipange kufika usiku. Njiani kuna vizuizi vya usalama ambako abiria huteremshwa na kukaguliwa. Pasipoti, kitambulisho cha mgeni na nakala ya kibali chake (wamisionari kwa kawaida hupewa kile cha daraja la I) viwe mfukoni mwa shati, ndani ya kifuko kisichopitisha maji. Kosa linalowapata wengi ni kuvifungia kwenye begi lililoko chini ya basi, kisha wanaanza kumwomba utingo afungue buti huku foleni inangoja. Mto Tana ukifurika, barabara baina ya Minjila na Witu huweza kukatika, kwa hiyo msimu wa mvua apige simu siku moja kabla.

Mokowe ndio mwisho wa gari kwa anayekwenda kisiwani, na kutoka hapo ni boti. Kijana wa nyanda za juu huenda hajui kuogelea, basi aombe jaketi la kujiokolea na alivae kabla boti haijaondoka; kulikalia kama mto haisaidii kitu. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana na ngazi za gatini hubaki wazi zikiwa na utelezi wa kijani. Avue ndara, ashuke pekupeku, mkono mmoja uwe huru.

Sanduku la magurudumu lisije. Vichochoro vina ngazi, mifereji na mavi ya punda, magurudumu hayafiki mbali. Begi moja la mgongoni na jingine la kushika linatosha. Akimchukua hamali mwenye mkokoteni, bei wapatane gatini, kabla mzigo haujapakiwa.

---

Bin_Amu:

Mimi ni Mwislamu wa hapa Amu, ndivyo tunavyouita mji wa Lamu, na ningependa kijana wenu akae kwa heshima na aheshimiwe.

Aanze na masikio. Kiswahili chake cha Njombe ni kizuri lakini hapa kitamtega. Ch yetu mara nyingi ni t, nj ni nd, na j huwa y au hupotea kabisa. Mchele ni mtele, macho ni mato, njia ni ndia, moja ni moya, mji ni mui, maji ni mai. Bibi akimwita kutoka mlangoni "Ndoo!" asianze kutafuta ndoo ya maji, anaambiwa njoo. Na akiambiwa watoto "wanateka" si kwamba wako kisimani, wanacheka. Asijilazimishe kusema Kiamu wiki ya kwanza, aelewe tu, na aulize. Watu wa hapa hupenda sana mtu anayeuliza maana ya neno. Daftari dogo, maneno matano kwa siku, jioni amsomee mzee yeyote wa barazani amsahihishe. Hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kujulikana mtaani.

Nyumba za hapa zina daka, kibaraza kidogo cha kuingilia, mlangoni. Apige hodi akiwa amesimama pembeni, macho yasielekee ndani. Hodi tatu zikikosa jibu aondoke, asingoje. Mwenye nyumba akiwa hayupo na wako wanawake peke yao, aache salamu aende zake. Baina ya magharibi na isha asibishe mlango wa mtu. Kitabu chochote cha dini, chake au chetu, kisiwekwe sakafuni.

Nguo: suruali ndefu na shati la pamba. Kikoi ni cha nyumbani na baharini. Kanzu na kofia nashauri asivae katika kazi yake. Nia yake inaweza kuwa safi, lakini mtu akijua baadaye kwamba aliyemdhania mwanafunzi wa chuo ni mmisionari, ataona amehadaiwa, na neno hilo litafika kijiji jirani cha Shela kabla ya jua kuchwa. Akiulizwa yeye ni nani, aseme wazi: mimi Mkristo, nimetumwa na kanisa langu.

Ramadhani asile wala asinywe hadharani mchana. Akialikwa futari aende, afike kabla ya adhana, asiguse tende mpaka wenyeji waanze, ale kwa mkono wa kulia. Mwezi wa Maulidi, Mfungo Sita, mji hujaa wageni na vyumba huwa taabu, kwa hiyo kama anahamia wakati huo chumba kilipiwe mapema.

Maji ya visima vingi yana chumvichumvi. Sabuni haitoi povu, na chai ina ladha nyingine. Kuchemsha na dawa ya klorini huua vijidudu tu, chumvi hubaki palepale. Ya kunywa anunue au apate ya mvua, ya kisima iwe ya kuoga na kufua.

---

Katekista_Garashi:

Wenzangu wamesema vyema. Mimi nasemea wiki hizi tatu zilizobaki, maana hapo ndipo wamisionari vijana huharibu. Hufungasha usiku wa mwisho, huaga wawili watatu kwa simu, wakapotea. Kisha huko waendako wanabeba deni la watu ambao hawakuwaaga, na deni hilo ndilo linalowakosesha usingizi.

Akae leo aandike nyumba zote alizokuwa akizuru. Aziage kwa miguu, nyumba mbili kwa siku, si sita, kwa sababu kwa Mgiriama kuaga ni kukaa. Kwanza salamu, Mwalamukadze, habari za mgonjwa, habari za mvua, ndipo aseme ninahama. Akiletewa mnazi, ile pombe ya minazi, na yeye hanywi, aupokee kwa mikono miwili, ashukuru, aurudishe kwa mzee, aombe dafu au maji. Akiukataa ukiwa bado mikononi mwa mwenyeji, atakuwa amemkataa mtu. Madeni ya dukani, hata ya mkate mmoja, yalipwe. Asiahidi kurudi tarehe fulani, aseme tu atawasalimia.

Anayekuja nyuma yake aachiwe daftari: jina la nyumba, njia ya kufika, nani mgonjwa, nini kiliahidiwa na hakijatimizwa. Siri za watu zisiandikwe humo. Mfanye vilevile kwa upande wa pili, aombe daftari la yule aliyemtangulia Lamu. Apate pia barua ya utambulisho ya kanisa, na siku ya kwanza ya kazi aipeleke kwa chifu. Tangu mkasa wa Shakahola wa 2023, wafuasi wengi wa mhubiri mmoja walipokufa kwa njaa, mzee wa mtaa kumwuliza mhubiri mgeni "wewe ni wa wapi na unafundisha nini" ni haki yake, na kijana asione uchungu. Katiba inampa uhuru wa dini katika kifungu cha 32. Mkutano wa hadhara nao una utaratibu wake: polisi wajulishwe si chini ya siku tatu kabla, wala si zaidi ya siku 14 kabla.

Kuhusu Kigiryama, mwambie hakijapotea. Hindi na Witu wako Wagiriama, na sikio lililokwisha kujifunza lugha moja hujifunza ya pili upesi zaidi. Kabla hajaondoka mpeleke kwenye kile kikanisa kidogo cha Wareno kando ya bahari hapo Malindi. Mmisionari Francis Xavier alipita hapa mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Goa, akamzika baharia wa meli yao, akaendelea na safari. Kijana akae pale nusu saa, bila hotuba ya mtu.

Na mwenzake mpya: jioni ya kwanza wapatane mambo madogo. Saa ya kuamka, nani apike, pesa ya chakula inawekwa wapi, mtu akitaka kimya aseme vipi. Ugomvi wa wamisionari wawili chumba kimoja ni nadra kuanzia kwenye Maandiko, huanzia kwenye sufuria. Mwezi wa kwanza maneno "sisi Malindi tulikuwa tunafanya hivi" ayaweke kando. Hata simu za Malindi azipumzishe mwezi mzima.

---

Nesi_Barani:

Katekista, hapo kwenye simu sikubaliani nawe. Kwa kijana mwenye dalili alizozitaja mama, kumkatia simu mwezi mzima ni kumtenga. Siku moja ya wiki, saa moja inayojulikana, dakika ishirini. Tatizo ni ile ya kupiga kila jioni akililia Malindi, kwa sababu hiyo humzuia asiende barazani.

---

Katekista_Garashi:

Nakubali, dada. Siku moja ya wiki, na ampigie mama, asiipigie mtaa mzima.

---

MamaMlezi_Muyeye:

Mungu awazidishie. Kesho zahanati. Daftari nimeshamnunulia, na nimemwona ameanza kuandika majina. Jambo dogo lililobaki: nimfungie chakula gani, na afike siku gani?

---

MzeeWaMokowe:

Mahamri makavu, korosho na ndimu. Achari usiitie kwenye chupa ya kioo, tia kwenye kopo la plastiki, kifuniko ukizungushie mfuko. Maji ya kunywa lita tatu za njiani.

---

Bin_Amu:

Afike Jumatano au Alhamisi. Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana maduka mengi yamefungwa kwa ajili ya swala, hatapata hata mtu wa kumuuliza ndia.