Pweza na jodari wa kupeleka hoteli, leseni ya duka haitoshi?

mchuuzi_wete:
Asalaam aleikum jamani. Mie nina duka la samaki hapa Wete, Pemba, mwaka wa nne huu, nina friza mbili, nanunua pweza na jodari Tumbe au Msuka nauza rejareja na sijawahi kusumbuliwa na mtu. Sasa kapatikana mnunuzi wa hoteli moja Nungwi, Unguja, anataka pweza aliosafishwa na vipande vya jodari vilivyofungwa, kila wiki, na bei mashallah. Nikampelekea sampuli kaipenda, halafu akaniambia nitumie kibali cha pahala. Nikamtumia leseni ya biashara, akajibu "hii ya duka, mie nataka ya pahala unapotengenezea". Pahala ni uani kwangu hapa! Simenti ipo, maji ya bomba yapo, wavu wa nzi nimeweka. Kuna mtoto wa ami yangu yuko Leicester ndo kanivuruga kabisa, ati kwao huko samaki wa jumla lazima awe na alama ya duara refu kama yai yenye namba ndani, bila ya hiyo hapokelewi. Sasa na mie natakiwa hilo yai? Niulize wapi? Maana friza ya tatu nishailipia nusu.

kijogoo_wa_pwani:
Yakhe makaratasi tu hayo. Babu yangu kala pweza aliyepondwa pale pale mwambani mpaka kafika miaka 90. Nenda TFDA, wale wa chakula na dawa, kalipe upewe karatasi, mambo yeshe.

bi_mtindi:
Wee kijogoo TFDA gani tena, hiyo bara wenyewe hawanayo toka 2019, dawa zikabaki TMDA chakula kikaenda TBS, shirika la viwango. Na hata ilipokuwepo si ya kwetu. Zanzibar kuna ZFDA, wakala wetu wa chakula na dawa, sheria yake ni ile namba 2 ya mwaka 2006. Usimpoteze mtoto wa watu.

Mwanangu mchuuzi, waaleikum salaam. Mie nasindika mtindi nakuambia yaliyonikuta. Nilidhani wakaguzi wakija wataonja. Hata kijiko hakushika yule kijana. Alisimama mlangoni akaniuliza maziwa mabichi yanaingilia wapi, nikamuonesha, akaniuliza mtindi uliokwisha fungwa unatokea wapi, nikamuonesha mlango ule ule. Akaandika. Akauliza wafanyakazi wananawa wapi, nikamuonesha sinki, vyombo vinaoshwa wapi, sinki lile lile. Akaandika. Choo mlango wake umefungukia chumba cha kazi, hapo hata hakuuliza aliandika tu. Nikarudi nyuma kuvunja ukuta wakati tailsi nishaweka, hasara ile mpaka leo nikiikumbuka naumwa na kichwa.

Kwa hiyo anachotaka mnunuzi wako ni hicho, pahala pamekaguliwa. Leseni inasema wewe ni mfanyabiashara, haisemi uwani kwako kunafaa kukatia jodari. Hiyo friza ya tatu ulikuwa uiache kwanza, ila ndo ushalipa tena.

nipo_baridini:
Niko Uingereza nafanya kazi kiwanda cha samaki, ngoja nieleze hilo yai, mtoto wa ami yako kasema kweli ila kachanganya vitu viwili. Huku kila anaeuza chakula anajiandikisha kwa baraza la mji wake, siku 28 kabla ya kufungua, bure, na hawawezi kukukatalia. Hiyo ndo ya migahawa na maduka. Ukitaka kushughulika na nyama, samaki, maziwa au mayai halafu UWAUZIE WAFANYABIASHARA WENGINE, hapo mara nyingi kujiandikisha hakutoshi, unaomba idhini na wanakuja kukagua kabla hujaanza. Samaki na maziwa ni baraza la mji, machinjio na viwanda vya kukata nyama ni wakala wa chakula wa serikali wenyewe, FSA. Jengo na mashine zikiwa sawa lakini makaratasi bado yana mapengo wanakupa idhini ya masharti miezi 3, wanaweza kuongeza ila jumla haipindukii miezi 6. Ukipita unapewa namba na namba ndo inakaa ndani ya yai pamoja na herufi za nchi, ili pakiti ikileta balaa wajue imetoka jengo gani.

Umeona lakini mstari ulipo? Muuza samaki anaemkatia mteja wake jodari dukani haombi idhini. Jodari yule yule, kisu kile kile, akianza kumpelekea mwenye hoteli kwa jumla habari inageuka. Wewe ndo umevuka hapo. Ila yai la huku hulihitaji kwa kuuza Nungwi. Ungetaka kuleta Ulaya ni habari nyengine, na huko si wewe peke yako, kwanza nchi iwe kwenye orodha yao, halafu kiwanda chako nacho kiwe kwenye orodha, na kila mzigo uje na cheti cha afya cha serikali.

mchuuzi_wete:
Alhamdulillahi sasa naona mwanga. Bi mtindi shukran sana. Lakini bado naona ajabu, pweza na jodari wangu miaka minne hawajamdhuru mtu.

mtu_wa_diko:
Pweza sawa, jodari usimuapie. Jodari na vibua wana kitu kinaitwa histamini, samaki akikaa na joto baada ya kufa bakteria wanaitengeneza kwenye nyama na ikishaingia haitoki, ukaange, ugandishe, uchemshe hasira zako zote, ipo. Mtu anakula dakika chache uso unamuiva, kichwa kinagonga, watu wanasema samaki kamkataa kumbe si mzio, kosa ni barafu. Ulaya wanapima samaki 9 kutoka mzigo mmoja na wastani usizidi miligramu 100 kwa kilo. Na huyo samaki kwa macho anaweza kuwa mzuri tu, hanuki.

Sasa jiulize jodari wako tokea kwenye ngalawa mpaka Wete, halafu Mkoani, boti, halafu gari mpaka Nungwi, barafu inakuwa wapi? Mbichi akae kwenye joto la barafu inayoyayuka, aliyegandishwa -18, na siyo umgandishe Wete afike kayayuka umgandishe tena. Nunua kipimajoto na daftari, andika saa na joto kila mzigo. Mkaguzi atalipenda daftari hilo kuliko tailsi.

kijogoo_wa_pwani:
Haya nimenyamaza 😅 ila babu alikula pweza kweli.

bi_mtindi:
Mchuuzi fanya hivi, chora karatasi tu kwa kalamu, samaki anaingilia hapa, anasafishwa hapa, anafungwa hapa, friza hapa, anatokea huku, uchafu unatoka mlango mwengine. Nenda nayo ofisi ya ZFDA iliyopo hapo Pemba UKIWA HUJAJENGA, waambie nataka kuuzia hoteli, nina nini na nini, mnanikosoa wapi. Na wanaokusaidia kusafisha wakapime afya. Ukitaka kuweka alama ya ubora kwenye pakiti hiyo ni ZBS, shirika la viwango la Zanzibar, shughuli nyengine, isikuchanganye leo.

mchuuzi_wete:
Ntachora leo usiku inshallah. Uani kuna kichochoro upande wa mgomba naweza kutoboa mlango wa pili. Mke wangu ndo ataniuliza mgomba wake unakwenda wapi.

mtu_wa_diko:
Na madeli ya kubebea samaki unatumia yale ya maboksi meupe ya povu? Yakishapasuka yanakunywa maji ya samaki, hayasafishiki. Tafuta ya plastiki ngumu.

mchuuzi_wete:
Meupe ndio. Manne. Basi tena.